Mama Ineza na Nusu Mikono Niliyoikataa

Bi Fébronie, ambaye sisi wote tunamwita Mama Ineza kwa jina la binti yake, ameutumikia Ushirika wa Amkeni hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, miaka ishirini na miezi minne. Alianza tarehe 14 Februari 2005. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Katika muda huo amepepeta na kuchambua maharage ya kutosha kulisha Mbarara yote, pamoja na wale wa Mbarara wanaosema hawali maharage.

Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na Georgette, sekretari wetu, mwenye diploma. Nilikataa. Mimi Néhémie, kapita, yaani msimamizi, wa wapakizi, nilisoma mpaka darasa la nne kule Baraka, Kongo, na la nne la wakati ule ni chuo kikuu cha leo. Georgette amepiga mashine tu. Nimemkataza asiguse neno. Kama kuna kosa humu, ni langu, na lina umri kumzidi yeye.

Mama Ineza alitoka Rumonge, Burundi, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja isiyo na mfuniko. Alipofika depo yetu, ghala la ushirika, kazi ilikuwa imeshagawanywa kabla yake: wanaume wanabeba, wanawake wanakaa. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, wanakaa. Maharage yanakuja kutoka Rugaaga na mawe yake, udongo wake na wadudu wake. Wanawake ishirini na wawili wanatandika shitingi, yale maturubai ya plastiki, chini, wananyoosha miguu mbele, wanainamisha shingo, wanapepeta kwa ungo na kuchagua punje kwa punje mpaka saa kumi. Kisha sisi wapakizi kumi na wanne tunainua magunia safi na kuyapanga kwenye lori la kwenda Ruti, Mbarara. Mpita njia akichungulia mlangoni anaona wanawake wako kivulini wanaongea, na wanaume wako juani wanatoka jasho. Anaamua nani anafanya kazi kabla hajavua kofia.

Sikatai kwamba kubeba ni kazi. Mwaka 1994, bandarini Kalundu, nilibeba gunia la kilo mia kwa bega moja huku mkono wa pili unamenya ndizi. Mashahidi wapo, ingawa wengi wamekufa.

Lakini leo si siku yangu. Mama Ineza alikuwa na sikio. Akirusha ungo mara tatu, alisikia jiwe kabla ya kuliona, kama mama anavyosikia mtoto wake kati ya watoto mia. Wanunuzi wa Ruti walikuwa wanauliza kwanza: hii imepita kwa yule mama? Ikiwa imepita, hawafungui gunia. Amefundisha wanawake wasiopungua sitini. Pia alimaliza ile vita ya Wakongomani na Warundi kuhusu maharage gani yanaiva haraka, kwa kuweka sufuria mbili motoni na kutunyima sote mpaka tuliponyamaza.

Kitu kimoja tu aliudai ushirika miaka yote hiyo: meza. Meza na mabenchi, ili wanawake wachambue wakiwa wamekaa kama watu, siyo wamekunjwa kama nguo. Wasifu huu ni habari ya meza hizo, na ya yule aliyezichelewesha. Mtamfahamu mkiendelea kusoma.

Mwaka 2017 mgongo wa Rénovat ulikatika. Rénovat ni mpakizi wetu, kijana wa kifua kama mlango wa kanisa. Alikuwa chini ya gunia la saba, akalia "Yoo!", gunia likaenda huku yeye akaenda kule. Alilala katikati ya mlango masaa mawili. Alimwita mama yake, akaita padri, akaomba maji, akayakataa kwa kuwa hayakuwa ya baridi. Dereva wa lori alizima injini. Watu wa soko walikuja kutazama, mmoja na kiti chake. Maumivu ya mwanaume ni kama harusi, lazima yawe na wageni.

Wiki ile ile wanawake wanne walishindwa kujifunga kitambaa kichwani. Kila mmoja alimwomba mwenzake amfungie, wakaendelea na kazi. Hakuna lori lililozima injini.

Basi uongozi ukaandika barua, na nesi Anne akaja kutoka Mbarara kuhesabu wanaoumizwa na kazi. Anne ni Munyankore, mwenyeji wa huku, mtu mzuri, ila Kiswahili chake alikiokota kwa polisi. Alisimama katikati ya depo akasema:

"Nyinyi wote sikia. Nani iko na maumivu ya kazi, weka mkono juu."

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, kwa sababu nina sauti. Nikaongeza yangu:

"Mkono juu kabisa, watu wa Mungu! Nusu mkono sihesabu!"

Wapakizi wote kumi na wanne wakanyoosha. Hata yule aliyeanza kazi Jumanne alinyoosha, na siku ile ilikuwa Jumatano. Upande wa shitingi nikaona mikono mingi, lakini mikono gani! Mingine kwenye kifua, mingine kwenye kidevu, imetetemeka kidogo ikasimama hapo kama kuku aliyeogopa kupanda ukuta.

"Perpétue," nikamwambia mmoja wao, "nyoosha ama shusha."

"Kapita, ya kwangu inafikaka hapa tu."

"Ikifika hapo tu, basi na maumivu yako yamefika hapo tu. Shusha."

Watu walicheka. Nilikuwa mcheshi sana siku ile. Mama Ineza naye mkono wake ulikuwa kwenye kidevu. Alinitazama, akatazama mkono wake, akaushusha juu ya ungo, akaendelea kupepeta.

Waliofikisha mkono juu kabisa walikuwa wasichana watatu walioanza kazi Januari ya mwaka huo. Karatasi ikaandikwa: wanaume kumi na wanne, wanawake watatu. Kule Mbarara wakaisoma wakaamua kwamba kuchambua ni kazi nyepesi. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kile ambacho Mama Ineza alikielewa pale pale: wale watatu walihesabiwa wagonjwa kwa sababu mabega yao yalikuwa bado mazima. Waliobaki walikuwa wameumia mno, hawakuweza kuingia kwenye hesabu.

Nilifuata sheria. Sheria ya nusu mkono niliitunga mwenyewe, lakini ilikuwa sheria.

Baada ya miezi mitatu ikaja mikanda ya mgongo, kumi na minne, myeusi, mipana, na kamba za kupita mabegani. Wasichana watatu wakapewa dawa ya kupaka. Mikanda ile ilipata maisha mazuri kuliko sisi. Rénovat aliuvaa wake juu ya koti kwenye harusi ya binamu yake, na ndugu wa bibi harusi wakamkabidhi zawadi zote azilinde, wakidhani ni askari. Mwingine alifungia mbuzi kwenye baiskeli. Wangu niliutundika kwenye msumari. Mgongo huu haukuzaliwa ufungwe kama mzigo.

Mama Ineza akaja kwangu baada ya mikanda. Hakuomba mkanda. Aliomba niseme neno moja kwa uongozi kuhusu meza, kwa kuwa uongozi ulinisikiliza. Nikamjibu mbele ya watu:

"Mama Ineza, hayo mabega ni ya maji na kuni na watoto. Ni ya nyumbani, siyo ya depo."

"Kapita, mkono ninaotekea maji ndio ule ule ninaopepetea hapa. Mungu hakunipa wa akiba. Wewe ukitoka hapa saa kumi unaenda wapi?"

"Ninaenda kukaa."

"Na mimi ukisema nimekaa, ni saa ngapi hiyo?"

Wanawake waliangua kicheko mpaka punje zikaruka. Niliwaambia waokote. Waliokota, lakini meza hazikuja.

Alienda mwenyewe kliniki moja ya Mbarara, ambayo jina lake nimelisahau makusudi. Alirudi akawasimulia wenzake kwenye shitingi, na mimi nilikuwa ninahesabu magunia karibu, masikio yakiwa kazini.

"Rénovat alipoenda pale, walimuuliza amebeba nini. Mimi wameniuliza nimezaa wangapi. Nikasema mmoja. Daktari akatazama karatasi, akasema, ah, basi ni umri."

"Ungewazaa kumi angesema ni kuzaa," akasema Perpétue.

"Na kama ningekuwa msichana angesema nitafute bwana."

Hapo ndipo nilipokosea hesabu ya magunia, nikaanza tena.

Alifanya kazi hivyo hivyo miaka sita zaidi. Alijifunza kupepeta kwa mkono wa kushoto. Wanunuzi wa Ruti hawakugundua. Kuna watu hapa, sitawataja, wakipata malengelenge kwenye kidole wanatembea na kidole kimeinuliwa kama mshumaa wa Pasaka, na ni wapakizi wangu.

Mwezi wa nane 2023 Anne akarudi kuhesabu tena. Safari hii Mama Ineza alimpokea barabarani, kabla sijafika na sauti yangu. Nilipoingia depo nikakuta kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Chini yake punje za maharage zimetawanywa sakafuni. Nikauliza nani amechafua depo yangu.

"Leo hakuna mkono juu," akasema Anne. "Hii mama nafundisha mimi. Kila mtu natundika gunia tupu kwa kamba. Halafu naokota punje chini bila kupiga goti. Basi."

Kila mmoja akafanya, mbele ya wote. Kwenye kamba, wapakizi walitundika gunia kwa muda usiofika ubeti mmoja wa wimbo. Kati ya wanawake ishirini na wawili, sita tu waliweza. Wengine walirusha gunia, likawaangukia usoni. Kuna aliyechukua ufagio akaliinulia nao. Hakuna aliyecheka, na depo ile inachekea hata mazishi.

Kisha punje. Hapo ikawa zamu ya wanaume. Wanawake waliinama na kuinuka kama wanaosalimia, wengi wao. Wapakizi tisa hawakuweza. Rénovat alishuka kwa kushika ukuta, akapata punje, akabaki na ukuta. Mwingine aliisukuma punje kwa kiatu akidai imemkimbia.

Mimi nikasema nipisheni. Nilitundika gunia kwa mkono mmoja. Nikainama, magoti yamenyooka kama ya askari wa gwaride, nikaiokota punje.

Hapa sasa ninaandika jambo ambalo watu wawili tu wanalijua, na mmoja anatuaga Ijumaa. Sikuweza kuinuka. Mgongo ulifungwa, tik, kama kufuli. Niliona viatu vya watu wote, na vyote vilikuwa vinanitazama. Basi nikafanya kile ambacho mwanaume mwenye akili angefanya: nikaokota punje ya pili. Nikaokota ya tatu. Nikajifanya ninapendelea kuendelea. Nilifika punje arobaini na moja, jasho linadondoka puani, na mtu mmoja nyuma akaanza kuuliza, "Kapita iko natafuta nini?"

Ndipo ungo ukatua mbele ya uso wangu.

"Mwacheni," Mama Ineza akawaambia kwa sauti. "Ameona maharage yanapotea. Leo Kapita anachambua."

Akachutama upande wangu, mgongo wake ukanificha. Akaingiza mkono wa kushoto chini ya kwapa langu, ule mkono mzima aliokuwa amebaki nao. Akaniambia polepole:

"Pumua kwanza, mzee. Kisha tutainuka kama watu wanaozungumza."

Tukainuka kama watu wanaozungumza. Nilisema kitu kuhusu mvua. Alisema kitu kuhusu Rugaaga. Nilipokuwa nimesimama wima, bado amenishika, akasema neno moja tu.

"Meza."

Hakulisema tena, wala hakuwahi kusimulia habari ile. Miaka miwili nimengoja isikike sokoni, haijasikika. Kwa Nakivale, ambako mtu akipiga chafya mtaa wa Base Camp anaombewa afya mtaa wa Juru, huo ni muujiza.

Anne aliandika karatasi mpya, akatusomea. Wanaume: kiuno na magoti, inakuja kwa kishindo siku moja. Wanawake: shingo, mabega na vifundo vya mikono, inakuja kidogo kidogo, punje kwa punje, hakuna siku ya kuonyesha. Zote za kazi. Akasema, "Ile karatasi ya zamani, mimi nahesabu mbaya." Mama mzuri, alibeba kosa la mkalimani wake. Mkalimani alikuwa anatazama dari.

Ukaja mkutano wa meza. Uongozi ulikubali, shida ikawa fasi ya kuziweka. Palikuwa na fasi moja tu yenye mwanga na upepo, karibu na dirisha, na hapo ndipo wapakizi hupumzika na kucheza dama. Wapakizi walipiga kelele kuliko siku ya mgongo wa Rénovat. Tutapumzikia wapi? Dama tutachezea wapi? Kumbukeni kwamba bingwa wa dama wa pale dirishani, tangu 2009, ni huyu anayeandika. Nikasimama nikasema meza zitakaa dirishani.

"Kapita," akasema Rénovat, "balikulisha nini, we mzee?"

"Maharage," nikamjibu, "na yalikuwa yamechambuliwa vizuri."

Mngefikiri hadithi imeisha. Fundi seremala tuliyempa kazi kule Biharwe alipiga simu akitaka kipimo cha urefu. Nikajipima mimi mwenyewe, nikasimama wima, nikamtajia. Meza nane zikaja na lori, nzuri, za mbao nzito. Mama Ineza akakaa kwenye benchi, ubao ukamfika puani.

"Kapita," akasema, "hii meza ni ya kuchambulia mawingu."

Tukazirudisha Biharwe. Safari ya pili Mama Ineza alipimwa, na Perpétue akapimwa, na msichana mfupi kuliko wote akapimwa. Mimi nilikatazwa kukaribia simu. Mambo yale yalichukua mwaka mzima na zaidi, kwa kuwa fundi naye alijifanya amesahau. Zilifika Februari hii, siku chache baada ya Mama Ineza kutimiza miaka ishirini ya kazi. Amezitumia miezi minne. Miaka ishirini chini, miezi minne mezani. Bega lake la kulia halikusubiri, bado linaishia kidevuni, na Anne ameshamwambia kwamba huenda litaishia hapo.

Siku ya kwanza ya meza Mama Ineza alipitisha kiganja juu ya ubao kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayepanguza vumbi ambalo halipo. Kisha akawaita wasichana walioanza kazi mwaka huu akawakalisha wao kwanza.

Kamba tumeiacha ilipo. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mfanyakazi anatundika gunia lake na kuokota punje yake, na anayeshindwa anaandikwa na kubadilishiwa kazi kabla mwili haujafungika. Desturi hiyo ni ya Mama Ineza. Anayemrithi kuisimamia ni Perpétue, ambaye ninamwogopa zaidi.

Kamati ya sherehe, ambayo ni wanaume watupu, ilikaa mara tatu kutafuta zawadi ya kumuaga, ikatoka na ungo mpya. Ungo! Ni kama kumzawadia mfungwa pingu siku ya kutoka. Nimeuchukua nikaupeleka kwenye meza namba tatu unakohitajika. Atapewa kiti chenye mgongo na mikono, kimetoka kwa fundi yule yule wa Biharwe. Kipimo alikitoa Ineza, binti yake.

Kwa niaba ya ushirika, na wapakizi wote na mikanda yao, tunasema asante, Mama Ineza. Asante kwa mawe uliyoyasikia kabla hatujayang'ata. Asante kwa siri ya punje arobaini na moja, ambayo leo nimeitoa mwenyewe, ili usistaafu ukiwa bado umenibebea mzigo. Mungu akupe siku ndefu zenye mizigo mifupi, watu wengine wa kukutekea maji, na usingizi wa upande wowote ambao bega litakubali.

Neno la mwisho ni la utaratibu. Kwenye programu Georgette ameandika kwamba Mama Ineza akitoka, wote watanyoosha mikono juu kumpungia. Mstari huo nimeuacha. Ila nitakuwa nimesimama mlangoni, fasi ile ile niliyosimama mwaka 2017, na sauti ile ile. Kila mtu anyooshe mpaka pale mkono wake unapofika, iwe kichwani, kidevuni au kifuani, asione haya. Kama mgongo umenikamata na mimi, nitafanya hesabu nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, yeye atanisamehe.

Nusu mkono nitauhesabu mzima. Nitaanza na wake.

Néhémie, Kapita wa Wapakizi, Ushirika wa Amkeni